Askofu Petros na Mikono ya Mtume

Katika Jumba la Makumbusho ya Taifa jijini Warsaw, Poland, kuna ukumbi ambao ningependa kila Mkristo wa Afrika Mashariki auone akipata nafasi. Humo imewekwa michoro zaidi ya sitini iliyotoka kwenye kuta za kanisa kuu la Faras, mji wa kale wa Nubia uliokuwa kando ya mto Nile, karibu na mahali Sudan inapopakana na Misri leo. Niliitembelea michoro hiyo nikiwa na swali ambalo limenisumbua tangu nilipokuwa kijana mtumishi wa altare: je, mtu mwenye sura kama yangu ana nafasi gani katika picha takatifu, zaidi ya kupiga magoti mbele yake?

Ukristo uliingia katika falme za Nubia katika karne ya 6, yaani karibu miaka 1,300 kabla mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Kwa karne nyingi Wanubia walichora kuta za kanisa lao, wakapaka lipu mpya juu ya ile ya zamani, wakachora tena, hata mchanga wa jangwani ulipolifukia jengo lote. Wanaakiolojia wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski waliifikia michoro hiyo mwaka 1961, wakati bwawa la Aswan likijengwa huko Misri na ikijulikana kwamba eneo lote litafunikwa na maji. Kila mchoro ulibandikwa karatasi nyepesi kwa nta na utomvu vilivyoyeyushwa kwa pasi ya moto, kisha ukakatwa taratibu kwa msumeno pamoja na lipu yake. Kwa makubaliano na serikali ya Sudan, sehemu ya michoro ilipelekwa Warsaw na iliyobaki ikaenda Khartoum.

Mchoro ulionishika ni ule wa Askofu Petros, aliyeongoza jimbo la Faras mwishoni mwa karne ya 10. Amesimama akitazama mbele, amevaa mavazi ya ibada yaliyorembwa kwa ustadi mkubwa, na uso wake ni wa Mwafrika, mweusi, bila wasiwasi wowote. Nyuma yake amesimama Mtume Petro, somo wake, mwenye uso wa rangi nyeupe zaidi, na mikono yake imemshika askofu mabegani kama mzazi anayemsindikiza mwanawe mbele ya watu. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu niliona kwamba mchoraji yule alikuwa amelimaliza jambo ambalo sisi bado tunabishana juu yake.

Katika parokia zetu mabishano huwa ya aina moja. Wengine wanataka picha za Yesu na Bikira Maria zibaki kama zilivyoletwa kutoka Ulaya, na wengine wanataka wachorwe wakiwa Waafrika. Ninawaelewa wote, lakini naona pande zote mbili zinahangaika na sura za watakatifu na kusahau sura za waumini. Mchoraji wa Faras hakumbadilisha Mtume, wala hakumpaka askofu rangi isiyo yake ili afanane na walio mbinguni. Aliwaweka pamoja, kila mmoja na uso wake, na mbingu ikamgusa Mnubia mabegani. Ninaamini hiyo ni teolojia, na kwangu ina uzito kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya utamadunisho, yaani kuipa imani mizizi katika utamaduni wa mahali.

Ukumbini pia yupo Mtakatifu Anna, mama yake Bikira Maria, ambaye watu wengi huenda huko kwa ajili yake: macho makubwa, kidole kimewekwa midomoni. Baadhi ya wataalamu huiona ishara hiyo kuwa ya sala ya kimya. Ni mchoro mzuri mno, lakini mimi nilirudi kwa Petros.

Ninaumia nikikumbuka kwamba jumba la makumbusho la Khartoum, lililotunza nusu nyingine ya urithi huu, liliporwa katika vita vilivyoanza Sudan mwezi Aprili 2023. Hilo linanifanya nisione sanaa hii kuwa ya kutazamwa tu Ulaya. Parokia zinazojenga makanisa mapya kwetu hutumia fedha nyingi kununua sanamu na picha zilizotengenezwa viwandani. Ningeomba kamati za ujenzi ziache ukuta mmoja kwa ajili ya mchoraji wa hapo hapo kijijini, naye amchore katekista wa kwanza wa mahali pale, au mama aliyewafundisha watoto sala kwa miaka mingi, akiwa amesimama na uso wake mwenyewe, na mtakatifu somo wake amemshika mabegani.