Hundi ya King na Maswali ya Goebbels

Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Plato, aliiweka balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, kundi moja na upishi: ufundi wa kufurahisha watu, si wa kuwaponya. Mwanafunzi wake Aristotle hakukubaliana naye. Kwake, ukweli una nguvu kuliko uongo, na ukishindwa mbele ya watu, wa kulaumiwa ni watetezi wake. Ubishi huo wa karne ya 4 KK haujaisha, na sioni upande usio na hoja.

Hofu ya Plato ina ushahidi. Tarehe 18 Februari 1943, majuma mawili baada ya jeshi la Ujerumani kusalimu amri Stalingrad, waziri wa propaganda Joseph Goebbels alihutubia Berlin mbele ya maelfu ya watu waliochaguliwa kwa makini. Mwishoni aliwauliza maswali kumi, likiwemo lile maarufu: je, mnataka vita kamili? Ukumbi mzima ukalipuka kwa kuitikia. Kwa umbo yalikuwa maswali. Kwa kazi yalikuwa amri. Swali la balagha humfanya msikilizaji ajione ameamua mwenyewe, kumbe jibu alishawekewa mdomoni. Kama Ujerumani bado ingeweza kushinda vita hivyo au la, hilo halikupewa nafasi ya kujadiliwa.

Sasa tazama Washington, 28 Agosti 1963. Wengi wanakumbuka takriri, yaani urudiaji, ya ndoto katika hotuba ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za Weusi wa Marekani, lakini kwangu uzito uko mapema zaidi, kwenye sitiari ya hundi. Waasisi wa Marekani waliahidi haki kwa kila mtu, alisema, na ahadi hiyo ni kama hundi. Weusi walipoipeleka hundi yao, ikarudishwa kwa madai kwamba hakuna fedha za kutosha. Hilo si pambo. Anayeomba haki husubiri huruma ya mwenye nayo, ila anayedai deni ana hati mkononi. Tena msikilizaji aliweza kuhakiki: Azimio la Uhuru la 1776 lilikuwepo, na sheria za ubaguzi zilikuwepo.

Wapo wanaoshauri tuyavue maneno mapambo yote, tubaki na hoja tupu. Kwa Goebbels ushauri huo unafaa, maana ukivua hakibaki kitu. Kwa King haufai: ukiitoa hundi, umetoa na hoja. Isitoshe, lugha kavu nayo hudanganya. Ripoti inayosema watu "waliondolewa" wakati waliuawa haina tashbihi wala chuku, lakini tasfida yake moja, yaani neno laini mahali pa neno kali, inaficha maiti.

Kinachonisukuma upande wa Aristotle ni utafiti wa saikolojia uliochapishwa Marekani mwaka 2000. Washiriki waliziona semi zenye vina kuwa za kweli kuliko semi zenye maana ileile zilizoondolewa vina. Walipotahadharishwa kwanza watenganishe utamu wa semi na maana yake, athari hiyo ilififia. Tahadhari fupi tu ilitosha kuipunguza nguvu mbinu hiyo.

Ndiyo maana napinga vikali namna tamathali za semi, yaani mbinu kama hizi za lugha, zinavyofundishwa mara nyingi: taja tano, toa mfano wa kila moja, basi. Mwanafunzi anatambua takriri kwenye shairi, lakini ikitoka kwa mwanasiasa anapiga makofi. Aongezewe swali moja la kujibu kwa maandishi: mbinu hii ikiondolewa, ungekubali bado, na kwa ushahidi gani?