Machungwa ya Muheza, Nyanya za Kirinyaga: Chakula cha Karibu ni Kipi kwa Mombasa?

Mtu wa Mombasa akiulizwa chakula cha kwao, huenda akataja mahamri na mbaazi za nazi kabla ya kingine chochote. Nazi yake imeanguliwa Kwale au Kilifi, pengine juzi tu, na mbaazi huenda zimetoka Makueni. Mahamri, hata hivyo, ni ngano, na ngano nyingi inayoliwa Kenya huagizwa kutoka nje, Urusi, Ukraine na Argentina zikiwa miongoni mwa wauzaji wake wakubwa. Ndiyo maana vita vilivyozuka Ukraine mwezi wa Februari 2022 vilifika hadi kwenye karai la mpika mahamri wa Majengo. Anayetuhimiza tule chakula cha karibu, cha msimu wake, kilicholimwa bila kuichosha ardhi, anatuhimiza jambo jema. Ila hana budi kutueleza kwanza hiyo karibu inaishia wapi.

Tutazame soko la Kongowea, hapa Mombasa. Machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, huingia kupitia mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, na kutoka Tanga mjini hadi Mombasa hakufiki kilomita 200. Nyanya za Kirinyaga husafiri zaidi ya kilomita 500. Kwa sheria, machungwa hayo ni bidhaa ya kigeni na nyanya ni zetu. Mpaka nao si wa kudharauliwa, kwa kuwa ndipo penye mamlaka ya kupima na kuzuia: mwezi wa Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka (aflatoksini), kisha ikaiondoa marufuku hiyo baada ya siku chache na kuweka masharti. Hofu yenyewe ilikuwa ya haki. Hata hivyo sumukuvu imewahi kuwaua Wakenya kwa mahindi yaliyolimwa hapahapa Kenya, kwa hiyo uzalendo wa punje ya hindi si dhamana ya usalama wake.

Hoja ya umbali hutegemea zaidi moshi wa usafiri, na hapo wanaoitetea hupungukiwa. Utafiti wa Christopher Weber na Scott Matthews kuhusu Marekani, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba asilimia 83 ya gesijoto zinazotokana na chakula cha kaya hutoka katika uzalishaji, na usafirishaji wote huchangia asilimia 11 tu. Marekani si Pwani, nakubali. Lakini sisi tuna jambo linalozidisha uzito wa hoja hiyo, nalo ni bandari. Meli hubeba tani moja ya mzigo kwa mafuta machache mno kwa kila kilomita kuliko lori. Mchele wa Pakistani uliopakiwa Karachi na kushushwa Kilindini huenda usiwe umetoa moshi mwingi njiani kuliko pishori ya Mwea iliyoteremshwa kwa lori. Mwenye kununua pishori kwa sababu ya harufu yake, au kwa kutaka fedha zimfikie mkulima wa Mwea, ana sababu nzuri. Moshi si mojawapo.

Tena mji huu haujawahi kulishwa na ardhi yake peke yake. Majahazi ya Ghuba yalileta tende kwa upepo wa kaskazi karne nyingi kabla ya lori la kwanza kupita Mariakani, na muhogo tunaouita chakula cha asili ulivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, ukiletwa Afrika na Wareno. Kisiwa hakina mashamba ya maana, na majirani wake Kwale na Kilifi hutegemea zaidi mvua, ambayo haitabiriki. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, na kaunti hizo mbili zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Lau Mombasa ingekuwa imejifunga kula vya jirani tu, ingekuwa inashindania gunia moja na mkulima wa Kinango mwenye njaa. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote dhidi ya chakula cha karibu, na sijaona bado jibu lake la kuridhisha.

Tukiuacha umbali tukashika msimu, mizani hubadilika. Hapa msimu hauhesabiwi kwa mvua peke yake bali kwa pepo. Kaskazi inapovuma, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia, wavuvi wa mitumbwi na ngalawa huvuka mwamba, na samaki hupatikana. Kusi inapoingia, kuanzia Aprili, bahari huchafuka na wengi wao hubaki ndani ya mwamba wakigombea changu na tafi walewale. Mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga na kuuza samaki, anajua hesabu hii kuliko mtaalamu yeyote, kwa kuwa ndiye anayelazimika kuwaeleza wateja kwa nini kipande kimekuwa kidogo na bei ni ileile. Samaki wa barafu kutoka China huziba pengo hilo, na si haki kumlaumu anayewakaanga wakati pwani haina samaki wa kumuuzia. Zamani pengo lilizibwa kwa ng'onda na papa mkavu, kama vile embe la Januari lilivyofika Juni likiwa achari. Akiba ya namna hiyo ilikuwa nusu ya maana ya kula kwa msimu, na nusu hiyo ndiyo tuliyoiacha ikififia: maembe huoza kwa marundo yanapojaa, kisha miezi michache baadaye tunanunua maji ya embe ya pakiti.

Wala cha karibu si lazima kiwe kimepatikana kwa njia njema. Juya, aina ya wavu, linalokokotwa juu ya nyasi za bahari na matumbawe, likizoa hata vichanga vya samaki, ni la karibu kabisa, na limepigwa marufuku kwa sababu nzuri. Kule Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walikubaliana mwaka 2005 kutenga kipande cha bahari kisivuliwe, uamuzi uliogharimu riziki ya siku zile kabla haujaleta faida yoyote. Mlaji wa mjini hana njia ya kumtambua samaki wa mvuvi wa namna hiyo anapomkuta kwenye karai, na hadi atakapoipata, kumtaka achague kwa dhamiri ni kumtwika mzigo usio wake.

Kipimo kigumu zaidi kwa hoja ya msimu ni Ramadhani, kwa kuwa mwezi huo hufuata mwandamo na hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, bila kujali mkulima amevuna nini. Mwaka 2016 ilianza Juni, kusi ikiwa imekaza. Mwaka 2030 itaanza mapema Januari, na nyingine itaanza mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, katika kaskazi, maembe yakiwa yamejaa na bahari imetulia. Kinachokaa mezani miaka yote ni muhogo wa nazi, na si kwa mila tu: muhogo uliokomaa huweza kuachwa ardhini miezi kadhaa ukingojea siku ya kung'olewa, na mkulima wa Kwale aliyeacha mistari michache shambani huupeleka sokoni pale bei ya futari inapopanda.