Ushindi wa Inchon uliwalevya

Wapenzi wa historia ya vita, ukiwatajia Korea tu, watakurukia na Inchon, bandari iliyo karibu na Seoul, mji mkuu wa Kusini. Nawaelewa, na sisi watu wa pwani tunaielewa zaidi. Pale maji yakipwa hubaki uwanda wa tope, na kati ya kupwa na kujaa tofauti hufika mita 9. Septemba 15, 1950, MacArthur, jenerali wa Marekani, aliingia na bamvua. Kikosi cha kwanza kikateremka kisiwa cha Wolmi asubuhi, maji yakapwa, wakashinda kutwa pale peke yao hadi yalipojaa tena jioni ndipo wenzao wakaja. Mvuvi yeyote angekwambia hiyo kamari. Basi akaicheza, akala. Jeshi la Kaskazini, lililoivamia Kusini Juni na kuwabana Wakusini na Wamarekani kwenye pembe ya Pusan, likakatiwa njia nyuma, na mwezi haukuisha Seoul ikakombolewa.

Ila kwangu mimi vita havikugeukia pale. Viligeuka siku chache baadaye, Wamarekani na wenzao walipofika mstari wa 38, mpaka wa Kaskazini na Kusini, wakasema twende mbele.

Mstari wenyewe ulichorwa Agosti 1945, usiku, na maofisa wawili wa Marekani, Rusk na Bonesteel, juu ya ramani ya National Geographic. Haukufuata mto wala mlima. Sasa mvamizi ameshasukumwa nyuma yake, umebakiwa na nini? Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alimwita balozi wa India usiku wa manane kumpa onyo: Wamarekani wakivuka, China itaingia. Washington wakaona anatishia nyau. Oktoba 19 Pyongyang, mji mkuu wa Kaskazini, ikatekwa, na siku hiyohiyo majeshi ya China yakaanza kuvuka mto Yalu ulio mpakani, gizani, ndege zisiwaone. Januari 4, 1951, Seoul ikaanguka tena; Machi ikakombolewa tena. Mji mmoja, kutekwa mara nne ndani ya miezi tisa!

Aprili Rais Truman wa Marekani akamfuta kazi MacArthur. Mazungumzo ya kusitisha vita yalianza Julai, yakavutana miaka miwili, zaidi kwa sababu ya mateka waliokataa kurudishwa kwao, na muda wote huo watu wanakufa wakigombea vilima, wakiwemo Wahabeshi waliopelekwa na Haile Selassie.

Julai 27, 1953, mapigano yakasitishwa, karibu palepale yalipoanzia. Mji wa Kaesong, uliolala Juni 24, 1950, usiku wa kuamkia vita, ukiwa wa Kusini, ukaachwa Kaskazini. Uko huko hadi leo.