Maji nanunua Rongai, kura yangu iko Kakamega

Watu wa Nairobi wakitutania sisi wa Ongata Rongai, mji wa kaunti ya Kajiado mpakani na Nairobi, hutuita watu wa daiaspora. Ukivuka mto Mbagathi, wanasema, beba pasipoti. Nimecheka utani huo miaka tisa. Siku hizi naucheka nusu tu, kwa sababu wengi wetu kweli tunaishi hapa kama watu walio ng'ambo. Kodi ya nyumba tunalipa hapa, maji ya boza (lori la maji) tunanunua hapa, watoto wanasoma hapa, lakini kwenye daftari la wapiga kura majina yetu yako kwingine.

Langu lilikuwa Kakamega, kwetu magharibi mwa Kenya. Nilijiandikisha huko mara tu nilipopata kitambulisho, sikuligusa tena. Agosti 7, 2022 nikapanda basi la usiku, nauli imepanda kama ya Krismasi. Kesho yake, kabla sijamaliza hata kusalimia watu, tukasikia kwamba uchaguzi wa ugavana umeahirishwa, Kakamega na Mombasa, karatasi zimechapishwa kwa makosa. Tarehe 9 nikapiga kura zilizokuwepo, nikarudi kazini. Ugavana ulipokuja kufanywa tarehe 29, mimi nilikuwa ndani ya nganya, matatu iliyopambwa, tumekwama Magadi Road, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Gavana wa Kakamega sikumchagua. Wa Kajiado sikuwa na haki ya kumchagua. Mtu mzima na kitambulisho mfukoni, sina gavana.

Siasa lakini tunaziongea! Panda gari la Rongai saa moja jioni uone. Kila kiti kina chama, na konda ndiye mwenyekiti wa mkutano. Ukisikiliza safari moja utaapa mji huu ni wa upinzani. Safari ya pili utaapa ni wa serikali. Matokeo ya 2022 nayo hayakusaidia kutegua kitendawili: eneo bunge letu la Kajiado Kaskazini lilimpeleka bungeni Onesmus Ngogoyo wa UDA, chama cha William Ruto, na kaunti ikabaki na gavana Joseph ole Lenku, aliyeingia 2017 kwa Jubilee na sasa akarudi kwa ODM, chama cha Raila Odinga. Watu wakasema mji umegawanyika. Mimi nasema mji umeulizwa nusu. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 172,569 hapa Rongai, na hao ndio wanaotoa maoni garini. Sanduku la kura linawajua wachache wao.

Kila uchaguzi ukiisha tunalia kuhusu asilimia. Mwaka 2013 walijitokeza Wakenya takriban 86 katika kila 100 waliojiandikisha, mwaka 2022 wakashuka hadi 65 hivi. Sawa, tulie. Ila hesabu hiyo humhesabu aliyejiandikisha halafu akalala. Mtu kama mimi, kule kwetu nilihesabiwa raia mwema aliyejitokeza, na hapa ninapoishi sikuhesabiwa hata kama mtoro.

Sababu ninazijua, na si zote za kipuuzi. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 wako majirani ambao hawatalala Rongai usiku wa matokeo, hata uwalipe. Kwao, safari ya kura ni safari ya usalama. Wanapeleka watoto kwa bibi na kura inasindikiza. Hao siwalaumu. Wengine wanasema siasa za Kajiado ni za wenyeji, mpangaji anyamaze. Hapo kuna jambo zito, maana Wamaasai wameona ardhi ikikatwa ploti hadi mlangoni, na sasa mgeni huyohuyo anataka na kiti. Lakini mpangaji asiyepiga kura hajamheshimu mwenyeji. Amemwachia tu mwanasiasa.

Na iko ile sababu kubwa isiyotamkwa: tunapiga kura pale tutakapozikwa. Kaburi liko kwetu, basi na kura iko kwetu. Mama yangu akiniambia, "Mwanangu, uje upige kura," anamaanisha nije nionekane, nile kuku, niulize habari za ng'ombe.

Ubishi ninaousikia zaidi ni wa kikapu. "Nikihamisha kura, napunguza kikapu cha watu wetu." Mhasibu mmoja tunayepanda naye gari aliniambia hivyo, mhasibu mzima! Kituoni unapewa karatasi sita. Ile ya rais inaingia jumla ya taifa, uwe Kakamega, uwe Rongai, hakuna kinachopotea. Zinazobadilika ni zile tano nyingine, na humo ndimo mna takataka zinazochomwa kando ya barabara, zahanati, chekechea, barabara ya ndani inayogeuka mto mvua ikinyesha, na maji. Hizo ni kazi za kaunti. Mwakilishi wadi wa kijijini kwetu hana la kufanya na lori linalonyonya choo cha ploti yetu kila baada ya miezi mitatu, bili ikigawanywa kwa wapangaji.

Uandikishaji ulipofunguliwa tena Septemba 2025, nilijiburuta wiki kadhaa, kisha nikaenda kuhamisha. Ni bure: kitambulisho, fomu, alama za vidole. Mbele yangu walikuwa vijana wawili wanaojiandikisha mara ya kwanza na mzee aliyekuja kuthibitisha jina lake tu. Zamu yangu ikafika. Binti aliyekuwa mezani akaniuliza, kwa upole, naishi wadi gani.

Nikasema Rongai. Akaniuliza, Ongata Rongai au Nkaimurunya, ama ni Olkeri? Nikataja steji ninayoshukia. Nikataja shule iliyo karibu. Nikataja mpaka kinyozi. Miaka tisa, na naweza kukutajia wadi zote za kwetu Kakamega nikiwa usingizini. Ilibidi nimpigie simu kiteka, mtunzaji wa ploti, naye akacheka kwanza ndipo akanijibu.

Mama bado sijamwambia.