Phil Collins aliyekaa nyuma ya dramu

Mtaje Phil Collins mbele ya mtu wa rika langu, na jibu litakuja hapohapo: yule wa nyimbo za mapenzi, zile ambazo redio hupiga usiku watu wakitafuta usingizi. Sina ugomvi na nyimbo hizo. Ila kabla dunia haijamjua kama mwimbaji, Collins alikuwa mpiga dramu, tena mmoja wa mahodari kabisa waliopata kutoka Uingereza, na ushahidi umo kwenye albamu za bendi ya Genesis za mwaka 1971 hadi 1976. Kadiri ninavyozirudia albamu hizo, ndivyo ninavyosikitika kwamba wengi wetu tulionjeshwa sehemu ndogo tu ya kazi yake.

Genesis ilizaliwa mwaka 1967 katika shule ya bweni ya Charterhouse, huko Surrey. Peter Gabriel aliimba, Tony Banks alipapasa kinanda, Mike Rutherford na Anthony Phillips walishika magitaa. Albamu yao ya kwanza, ya 1969, haikuuza, na mgeni simshauri aanzie hapo. Collins aliingia mwaka 1970 baada ya bendi kutoa tangazo kwenye gazeti la muziki la Melody Maker. Majaribio yalifanyika nyumbani kwa wazazi wa Gabriel. Collins alifika mapema, akaambiwa akaogelee kwenye bwawa la nyumba hiyo hadi zamu yake ifike. Huko majini akawa anawasikiliza waliomtangulia, na alipoitwa tayari alikuwa ameshika kila kilichotakiwa kupigwa. Phillips naye alikuwa ameshaondoka, na nafasi yake ikaja kuchukuliwa na Steve Hackett, mcharaza gitaa mpole ambaye jukwaani alikuwa akipiga ameketi.

Hao watano ndio waliotoa albamu ya Foxtrot mwaka 1972. Wimbo wake mkubwa, “Supper’s Ready”, una dakika kama 23 na vipande saba, ukajaza karibu upande mzima wa pili wa santuri. Dakika 23 zinawatisha watu, na sielewi kwa nini ziwatishe watu wa pwani yetu. Taarab asilia imetuzoesha kungoja: vyombo vinazungumza kwanza, mwimbaji anaingia wakati wake ukifika, na hakuna anayetazama saa. Kwenye kipande cha sita cha wimbo huu, besi na dramu zinashikilia hesabu ya mapigo tisa bila kuachia, huku kinanda cha Banks kikitembea juu yake kwa hesabu zake chenyewe. Msikilize Collins hapo. Hapigi kwa fujo. Anawashika wenzake wasipotee, na bado anapata nafasi ya kuwachokoza.

Kwangu mimi, hata hivyo, albamu ya kuanzia ni Selling England by the Pound, ya mwaka 1973. Inaanza na sauti ya Gabriel peke yake, bila chombo chochote, akiiulizia nchi yake iliyokwenda kwa wafanyabiashara. Mchoro wa kwenye jalada ni wa Betty Swanwick, na bendi ilimwomba aongeze mashine ya kukatia majani ili uendane na wimbo mmojawapo. Lakini kilichonikamata ni “Firth of Fifth”. Piano ya Banks inafungua kwa mapigo yanayobadilika kila mara, halafu katikati ya wimbo Gabriel anapiga filimbi, tuni nyembamba, ya huzuni, isiyo na haraka. Unaisikia, inapita. Baadaye Hackett anaichukua tuni ileile kwenye gitaa la umeme na kuivuta taratibu, noti moja moja, hadi kile kilichokuwa kidogo kwenye filimbi kinajaa chumba kizima. Wapiga gitaa wengi wa wakati ule wangetumia nafasi hiyo kuonyesha kasi ya vidole. Hackett akaiacha noti ilie mpaka mwisho wake.

Halafu kuna “The Cinema Show”. Nusu ya kwanza ni wimbo wa kawaida, wenye magitaa ya nyuzi kumi na mbili. Maneno yakiisha, Gabriel na Hackett wanakaa pembeni. Wanabaki Banks, Rutherford na Collins, wakienda kwa mapigo saba dakika kadhaa, kinanda kikipanda ngazi baada ya ngazi na dramu zikibadilika chini yake kila Banks anapogeuka. Mapigo saba kwa kawaida humkwaza msikilizaji. Hapa mguu wako unaanza kugonga sakafu wenyewe. Watatu haohao ndio waliobaki Genesis Hackett naye alipoondoka mwaka 1977, kwa hiyo anayesema bendi ya baadaye ilitoka hewani hajausikiliza wimbo huu hadi mwisho.

The Lamb Lies Down on Broadway, ya 1974, ni albamu ya santuri mbili, kisa cha kijana Rael katika jiji la New York. Santuri ya kwanza ni nzuri mno. Ya pili inalegea, nami nasema hivyo nikijua kuna watu wanaiona kuwa kilele cha kazi yao yote. Baada ya ziara ya albamu hiyo, mwaka 1975, Gabriel akaondoka.

Hapo ndipo ilipozaliwa lawama ninayoipinga, kwamba Collins aliiteka bendi akaigeuza ya biashara. Walitafuta mwimbaji mwingine kwanza, wakajaribu wengi, mwisho kazi ikamwangukia mtu aliyekuwa akiitikia tangu siku za nyuma. Matokeo yake ni A Trick of the Tail, ya 1976, na upigaji wake wa dramu humo haukupungua hata kidogo. Kipande cha mwisho, “Los Endos”, ni ushahidi tosha. Na wimbo uliowafungulia mlango wa redio mwaka 1978, “Follow You Follow Me”, maneno yake aliandika Rutherford. Banks na Rutherford, waanzilishi wenyewe, walikuwepo miaka yote hiyo na waliutaka mwelekeo ule. Hata albamu ya Invisible Touch ya 1986, inayotajwa kama mfano wa kujiuza, ina “Domino”, wimbo wa zaidi ya dakika kumi.

Katika ziara yao ya mwisho, iliyomalizikia London mwezi Machi 2022, afya haikumruhusu Collins kushika fimbo za dramu. Aliimba akiwa ameketi, na mwanawe Nic ndiye aliyepiga. Anayetaka kumjua mpiga dramu yule sasa atamkuta kwenye rekodi tu.

Basi chukua Selling England, uende A Trick of the Tail, kisha Foxtrot, na The Lamb uiache hadi utakapokuwa umezizoea hizo tatu. Usitumie spika ya simu, kwa sababu Rutherford alikuwa na besi nyingine aliyoikanyaga kwa miguu, na mvumo wake spika ndogo haiutoi kabisa. Vaa vipokea sauti, pakua albamu nzima usiku bando likiwa rahisi, na uzime ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo.