Karatasi moja, sauti nne

Juzi bosi wetu hapa Norwich, Uingereza, alitukusanya kabla mteja hajafika, akasema: "We need to sing from the same hymn sheet." Yaani wote tuimbe kwa karatasi moja ya tenzi. Alichotaka ni kwamba yeyote atakayeulizwa kwa nini kazi imechelewa, atoe jibu lile lile. Sisi tungesema tuwe na lugha moja. Wanasiasa wa Uingereza nao wanaupenda sana msemo huu, hasa waziri mmoja anapoteleza akasema la kwake.

Nilicheka kimoyomoyo. Mimi nimekulia kwenye kwaya, Kinondoni. Karatasi yetu ilikuwa moja kweli, lakini yenye mistari minne: soprano juu, kisha alto, teno, na besi chini kabisa, nota za d, r, m (do, re, mi) zimeandikwa kwa mkono na kutolewa kopi mpaka zimefifia. Mwalimu akiinua mkono, kila mtu na mstari wake. Besi akijisahau akafuata soprano, alitolewa nje akanywe maji kwanza.

Na nota zile, kumbe, chimbuko lake ni huku huku! Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeanza kufundishia watoto mfumo huo karne ya 19, John Curwen akauboresha na kuueneza, wamisheni wakaubeba. Nimewauliza wenzangu ofisini. Hakuna anayeujua.

Kikao chetu kilikwisha kwa dakika 20, vichwa vyote vinaitikia. Tulipofika kwenye birika la chai ndipo manung'uniko yakaanza. Nikakumbuka kamati ya harusi ya dada yangu, Sinza. Mjomba aliukataa ukumbi waziwazi, mama mdogo akasema bajeti ya vinywaji ni wizi, mwenyekiti akagonga meza mpaka soda ikamwagika. Saa nne usiku bado tunabishana. Michango ilitimia, na siku ya siku aliyesimama mlangoni kupokea wageni ni mjomba yule yule.

Siipambi Dar. Ofisi niliyofanyia kazi Posta, wimbo ulikuwa "sawa bosi" asubuhi mpaka jioni, na huo hauhitaji hata karatasi.

Jumamosi moja mashine ya kopi ilitukatia mstari wa chini wote. Besi wakabaki na karatasi isiyo na sehemu yao. Wakawategea wenzao sikio, wakaimba. Mwalimu alikuja kugundua wakati wa kukusanya karatasi.