Kuuaga Wimbo si Kuukana

Mtu akisema wazi kwamba muziki aliokuwa akiufia akiwa na miaka 17 haumgusi tena, hupata mojawapo ya majibu mawili. Kuna watakaomwambia amejisahau, na papo hapo watamtupia "mwacha asili ni mtumwa". Wengine watamcheka kwa upole: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, subiri, utaurudia tu. Makundi haya mawili hayapatani kwa mengi, lakini kwa moja yanakubaliana, kwamba kuacha kupenda wimbo hakupo. Ama unajifanya, ama umechoka kwa muda. Siku hizi yana hata takwimu za kusimamia. Sidhani kama takwimu hizo zimesomwa sawasawa.

Hoja yao si ya kubeza. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwasikilizisha watu 108 wenye umri wa miaka 16 hadi 86 vipande vya nyimbo 28 zilizotamba kati ya 1932 na 1986, wakawaomba wazipe alama. Alama hizo zilipopangwa kufuatana na umri aliokuwa nao msikilizaji wimbo ulipotoka, kilele kiliangukia kwenye miaka 23 na nusu hivi. Mwaka 2018 mchambuzi wa takwimu Seth Stephens-Davidowitz alichambua data za Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, kwa ajili ya gazeti la New York Times, akashuka chini zaidi: kwa wanaume, nyimbo zinazong'ang'ania ni zilizotoka wakiwa na miaka 14 hivi, kwa wanawake, 13. Wataalamu wa kumbukumbu nao wanajua tangu zamani kwamba mtu mzima hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka yake 10 na 30. Ukiongeza kazi ya mwanasaikolojia Robert Zajonc ya 1968, iliyoonyesha kwamba kukutana na kitu mara nyingi kunatosha kutufanya tukipende, hitimisho linakuja lenyewe: masikio hufunga mlango mapema, na kinachofuata ni maringo.

Niing'ang'anie kidogo ile miaka 23 na nusu, maana ndiyo inayobebeshwa mzigo mkubwa. Inalinganisha nini na nini? Inalinganisha wimbo na wimbo mwingine, kwa wasikilizaji walioulizwa mara moja. Inatuambia kwamba kwa kawaida mzee wa miaka 70, akipewa wimbo wa alipokuwa na miaka 5, wa alipokuwa na 24 na wa alipokuwa na 60, ule wa katikati ataupa alama nyingi zaidi. Haituambii kama alama hizo ni nyingi au chache kuliko ambazo angeupa wimbo huohuo alipokuwa kijana. Tuseme enzi hizo angeupa tisa, leo anaupa sita, na ile miwili mingine anaipa nne nne. Kilele kitabaki palepale kwenye 24, ilhali mapenzi yameshapungua kwa theluthi nzima. Kuacha kupenda ni badiliko la mtu yuleyule kwa wimbo uleule, miaka ikipita. Utafiti ule haukupima hilo, wala haukudai kulipima. Tulioubebesha ni sisi.

Halafu kuna suala la vipande. Kipande kifupi kinatosha kabisa kuamsha kumbukumbu: gitaa linaingia, na tayari unajua ulikuwa na nani. Hakitoshi kuchosha. Anayeachana na wimbo haligundui hilo mwanzoni, maana hapo bado anatabasamu kama kila mtu. Hugundua kiitikio kinaporudi kwa mara ya tatu, anapojikuta anaangalia umebaki muda gani. Na nyimbo zote 28 zilikuwa zimetamba. Ile ya mwisho upande wa pili wa kanda, uliyoipenda kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua, haimo.

Data za Spotify zina kasoro yake, tena kubwa zaidi kwa maoni yangu. Zinahesabu nyimbo zinazochezwa. Mtu aliyependa nyimbo 200 akiwa na miaka 14, na leo anasikiliza 12 kati ya hizo, anaingia kwenye hesabu kama ushahidi wa uaminifu. Zile 188 hazionekani popote. Ni takwimu za walionusurika, na ukiwauliza walionusurika, jibu daima ni kwamba hakuna aliyezama.

Hili lingekuwa ubishi wa wasomi tu lisingekuwa na matokeo. Redio nyingi zinazolenga watu wazima hupanga muziki kwa kukisia ujana wa msikilizaji ulikuwa lini. Mitandao ya kusikilizia muziki hupendekeza kwa kuangalia ulichocheza jana. Ukicheza wimbo wa zamani mara moja kwa huruma, kesho unaletewa ndugu zake kumi. Unawaacha wacheze kwa kuwa uko kazini na mikono imeshughulika. Nao wanahesabiwa. Kisha mtu anakuja na jedwali kukuonyesha kwamba bado unaupenda muziki wa ujana wako.

Tuje kwenye pingamizi zenye uzito. La kwanza ni kwamba tunachanganya kuchoka na kukua. Mwanasaikolojia Daniel Berlyne, aliyeandika sana kuhusu jambo hili hadi miaka ya 1970, alieleza kwamba raha hupanda na mazoea hadi kilele kisha hushuka. Utafiti wa Valorie Salimpoor na wenzake wa Montreal, uliotoka 2011, unasaidia kuelewa kwa nini: ubongo hutoa dopamini, kemikali inayohusishwa na raha, wimbo unapofika pale panaposisimua, na hutoa pia kabla ya hapo, wakati wa kungojea. Wimbo ambao umeshaumaliza kona zake zote haukuachii mengi ya kungojea. Kwa hiyo, wanasema, hujakua. Umeusikiliza kupita kiasi. Nakubali kwamba mara nyingi ndivyo ilivyo. Ila uchovu hupona ukipumzika. Uweke wimbo kando mwaka mzima, kisha urudi nao. Ukikuta utamu umerudi, ulikuwa umechoka, na wenzako walikuwa sahihi. Ukikuta unasikia jinsi ulivyojengwa tu, wapi ngoma inapandishwa ili nywele zikusimame, na nywele hazisimami, hapo jina la uchovu halitoshi tena.

Mara nyingi mashairi ndiyo hutangulia kuondoka. Ukiwa na miaka 16, wimbo unaosema kwamba kupenda ni kumlinda mtu asitazamwe na wengine unaweza kuwa ndio elimu yote uliyonayo kuhusu mapenzi, na huna cha kuupimia. Miaka 20 baadaye umependa, umeachwa, labda umeshuhudia ulinzi wa namna hiyo ukimfikisha mtu wapi. Sauti ya mwimbaji bado ni tamu. Maneno yake hayapiti. Sioni kiburi chochote katika hilo. Ningeshangaa zaidi yangepita bila kukwaruza.

Mfano maarufu wa mtu aliyeuacha muziki wake ni Nietzsche, mwanafalsafa wa Ujerumani. Kitabu chake cha kwanza, cha 1872, alikianza kwa maneno ya kumtunukia Wagner, mtunzi wa opera. Mwaka 1888 alichapisha kitabu kizima cha kumshambulia Wagner, akikifungua kwa kutamba kwamba jana yake ameisikia opera ya Bizet, mtunzi wa Kifaransa, kwa mara ya 20. Lakini mwaka huohuo, katika maandishi kuhusu maisha yake mwenyewe, alikiri kwamba bado anatafuta kazi yenye mvuto wa hatari kama ule wa Tristan und Isolde, opera ya Wagner, na haioni. Wanaoamini kwamba hakuna anayeacha hufurahi sana hapo: mmeona, amerudi ngamani. Mimi namwona mtu anayesema kweli mbili kwa pamoja. Anajua nguvu za muziki ule kuliko karibu msikilizaji yeyote, na hataki tena kuishi chini yake. Kukumbuka nguvu ya kitu si kukihitaji.

Pingamizi la pili ndilo linalonisumbua. Mwaka 2013 Arielle Bonneville-Roussy na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu zaidi ya 250,000, wakaonyesha kwamba kadiri umri unavyosonga muziki wenyewe hupungua uzito maishani na muda wa kuusikiliza hupungua. Huenda basi hatuziachi nyimbo. Tunauacha muziki, kisha tunalipa jambo hilo jina zuri. Kwa mtu aliyeacha vya zamani na asishike kipya chochote, sina la kumtetea. Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha ladha ikihama: muziki wa fujo na makelele hupungua na umri, na ule wa utulivu au wenye mpangilio tata hupanda. Masikio yaliyofungwa yasingehama. Ningekuwa mnafiki nisipoongeza kwamba kulinganisha vijana wa leo na wazee wa leo kuna udhaifu uleule niliowashikia bango wengine, kwa kuwa huenda wazee hao walikuwa hivyo tangu awali.

Upande ninaoutetea una aibu zake pia. Kuna anayefika kwenye harusi ya rafiki, wimbo wa zamani unapigwa, ukumbi mzima unainuka, naye amekaa amekunja uso ili ajulikane kwamba amesonga mbele. Huyo ndiye anayetuharibia jina. Unaweza kuinuka ukacheza, na kesho usiutafute.

Inasemwa pia kwamba tukiziacha nyimbo hizi zitakufa. Hofu hiyo ina msingi mdogo. Carol Krumhansl na Justin Zupnick walionyesha mwaka 2013 kwamba vijana wenye wastani wa miaka 20 walikuwa na mapenzi ya pekee kwa nyimbo za enzi za ujana wa wazazi wao, wengine hata za miaka ya 1960. Nyimbo hizo zimeshapata masikio ambayo hayajafika kwenye kiitikio cha tatu, na baadhi ya vijana hao wataziacha nao.